Ningu apande, mpunga unywe: mwongozo wa kugawana maji ya mto kabla kiangazi hakijaanza

Mzee yeyote aliyekulia kando ya Mto Mara, Kagera, Nzoia au Sondu atakusimulia habari za ningu. Mvua zikikolea na maji ya mto kugeuka rangi ya udongo, samaki hao walitoka ziwani kwa makundi, wakapanda mto hadi kwenye nyasi zilizofurika, wakataga, wakarudi. Vijiji vilijua majira hayo kama vinavyojua majira ya kupanda mtama. Leo Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN) umemweka ningu kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na hapatikani popote duniani nje ya bonde la Ziwa Victoria.

Kando ya mito hiyo hiyo kuna mkulima mwenye kibali halali cha kuchukua maji, mama mwenye bustani ya nyanya, mji unaokua unaotaka bomba, na serikali zenye mipango ya mabwawa. Wote hao wana haki. Mwongozo huu nimewaandikia makatibu na wenyeviti wa jumuiya za watumia maji, ambao ndio hukaa katikati pale mvuvi na mkulima wanapoanza kutazamana vibaya. Nitautumia Mto Mara kama mfano wa nyumbani. Nitatoka pia hadi Mto Colorado huko Marekani, kwa sababu kule wamelishughulikia jambo hili tangu 1988 na wana mengi ya kutuonyesha, mazuri na magumu.

Ninaloamini ni hili: samaki hahitaji maji yote, na hayahitaji mwaka mzima kwa kiasi kimoja. Anahitaji maji fulani, mahali fulani, katika wiki fulani. Ugomvi mwingi nilioushuhudia ulitokana na watu kugombea "maji" kwa jumla, bila kusema ya wapi na ya lini.

Hatua ya 1: Chora kalenda ya samaki na ya shamba kwenye karatasi moja

Kabla ya kumwita mtaalamu, kabla hata ya kupima, nunueni karatasi ya manila. Chora miezi 12 kwa upana. Kwa wima weka mistari minne: mvua, samaki, mashamba, mifugo na watu. Kisha waiteni wavuvi wazee, wanaume na wanawake, pamoja na wanaokausha na kuuza samaki, maana wachuuzi hukumbuka miezi ya samaki wenye mayai kuliko mtu mwingine yeyote.

Waulizeni: Samaki huanza kupanda lini, mvua za kwanza au zikishakolea? Hupanda usiku au mchana? Hutagia wapi, na eneo hilo bado linafurika au siku hizi ni shamba? Vifaranga hushuka lini? Kiangazi samaki waliobaki mtoni hujificha kwenye vidimbwi gani? Kila jibu liwekwe kwenye mwezi wake. Watu wakitofautiana, andika majibu yote mawili.

Kwa ningu, picha itakayojitokeza ni ya mambo mawili. Kwanza, anahitaji furiko. Maji yakipanda bila kufika kwenye nyasi za kingo, hana pa kutagia hata kama mto umejaa vizuri machoni petu. Pili, anahitaji njia iliyo wazi kutoka ziwani hadi huko juu na kurudi. Kiangazi chenyewe ni shida zaidi kwa samaki wengine wanaobaki mtoni na kwa vifaranga waliochelewa.

Kwenye Mara kuna jambo moja ambalo watu wengi hulikosea. Mto huu una viboko zaidi ya 4,000 katika sehemu zake za hifadhi. Maji yakipungua, kinyesi chao hulala kwenye vidimbwi na kuoza, na hewa ya oksijeni majini huisha. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, uchafu ule wote husukumwa kwenda chini kwa mkupuo, na samaki hufa siku ambayo kila mtu anafurahi kwamba mto umejaa. Kwa hiyo mkikausha mto mwezi wa nane, hasara mnaweza kuiona mwezi wa kumi au kumi na moja. Kalenda ndiyo itakayowafungua macho kuona mambo ya namna hiyo.

Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo mtaalamu aliandika ubaoni namba moja ya maji yanayotakiwa kubaki mtoni. Mvuvi mmoja, mtu wa makamo, akanyoosha mkono akauliza, "Mheshimiwa, hiyo namba ni ya mwezi gani?" Hakujibiwa. Swali lake ndilo lililonifundisha kazi hii.

Mkimaliza, wekeni alama nyekundu kwenye wiki ambazo samaki na shamba wanataka maji kwa pamoja. Nina hakika mtashangaa jinsi wiki hizo zilivyo chache. Huko ndiko kwa kupatia makubaliano. Miezi mingine yote haina sababu ya kuwagombanisha.

Hatua ya 2: Chagueni kipande cha mto, msishike mto mzima

Mto Mara una urefu wa takriban kilomita 395, kutoka msitu wa Mau ambako vijito vya Nyangores na Amala huanzia, kupitia Maasai Mara na Serengeti, hadi ardhi oevu iliyo juu ya daraja la Kirumi na mwisho ziwani. Hakuna jumuiya inayoweza kuulinda wote. Tafuteni kipande ambacho kikikauka, mengine yote huharibika.

Colorado walifanya hivyo hivyo. Pale Grand Junction, kuna kipande cha maili 15, yaani kama kilomita 24, kati ya mji wa Palisade na makutano ya Mto Gunnison. Mifereji mikubwa ya wakulima huchukua maji juu ya kipande hicho, na Gunnison huleta maji mengine chini yake. Pale katikati, mwisho wa kiangazi, mto ulikuwa ukibaki mwembamba mno. Na pale ndipo anapoishi samaki anayeitwa Colorado pikeminnow, ambaye zamani alifikia urefu wa mita 1.8, na razorback sucker, samaki mwenye nundu mgongoni. Sehemu kubwa ya mpango wa kuwaokoa samaki wa Colorado ya juu imezunguka kipande hicho kifupi. Kila mtu anakijua, na kila mwenye lango la maji anajua lango lake linakigusa vipi.

Kwenu kipande chaweza kuwa kilomita tatu chini ya banio la skimu, yaani ukuta unaogeuzia maji mferejini, au mdomo wa mto. Kipeni jina. Wekeni mawe ya mipaka.

Hatua ya 3: Pimeni, na msiache kupima

Hapa ndipo jumuiya nyingi hukwama, na hakuna haja. Mwanzo hauhitaji chombo cha gharama.

Tafuta sehemu ya mto iliyonyooka, isiyo na mawe makubwa, yenye urefu wa mita 10. Pima upana kwa kamba. Pima kina sehemu tano au sita kuvuka mto, utafute wastani. Kisha tupa chungwa, au chupa iliyojazwa maji nusu, uhesabu sekunde mpaka lifike mwisho wa zile mita 10. Rudia mara tano. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo mwendo uliopata uzidishe kwa 0.85.

Mfano: upana ni mita 6, kina cha wastani mita 0.4, na chungwa limetumia sekunde 20 kwa mita 10, yaani mwendo wa mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha 6 kwa 0.4 kwa 0.5 kwa 0.85. Jibu ni mita za ujazo 1.02 kwa sekunde, au lita 1,020 kwa sekunde. Ushike mfano huu, nitaurudia.

Tahadhari: kwenye mto wenye mamba na viboko, kama Mara, mtu asiingie majini kupima kina. Pimeni kutoka darajani kwa kamba yenye uzito, au muombe Bodi ya Maji ya Bonde iwapimie.

Baada ya hapo simikeni geji, ule ubao wenye alama za sentimita, mahali ambapo unaonekana mwaka mzima. Mkishapima mtiririko kwa chungwa siku kadhaa, mto ukiwa juu, kati na chini, mtajua kila alama ya geji ni sawa na lita ngapi. Tangu siku hiyo kazi inakuwa nyepesi: mtu mmoja, saa moja asubuhi, anasoma geji, anapiga picha kwa simu, anaituma kwenye kundi la jumuiya. Chagueni watu wawili wa zamu, mmoja mkulima na mwingine mvuvi, ili asiwepo wa kusema namba zimepikwa.

Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati iliundwa, ikatoa majibu, na bado watu walibishana kwa muda mrefu juu ya chanzo. Pale ambapo hakuna daftari la kila siku la kina, rangi na harufu ya maji, kila mwenye sauti ana nadharia yake. Ongezeni kwenye daftari lenu safu moja ya "hali ya maji": safi, ya udongo, meusi, yana harufu, samaki wamekuja juu kuvuta hewa.

Hatua ya 4: Andikeni kila mwenye haki, na kila anayechukua bila haki

Tanzania maji si mali ya mtu. Kibali cha kutumia maji si hati ya kumiliki. Ni ruhusa yenye kiasi, mahali na masharti. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 zimeweka mpangilio: kwanza maji ya kunywa na ya nyumbani, halafu maji ya mazingira, ndipo shughuli za uchumi. Kwa hiyo anayesimama kwenye kikao na kusema "samaki wasubiri, binadamu kwanza" ana nusu ya ukweli. Maji ya kunywa ya binadamu ni ya kwanza. Maji ya shamba la biashara yako nyuma ya maji ya mazingira.

Nendeni ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde lenu muombe orodha ya vibali vya kipande chenu. Tanzania ina mabonde tisa. Mara iko Bonde la Ziwa Victoria, makao yake Mwanza. Kenya mtaikuta kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Kisha tembeeni mtoni kwa miguu, banio hadi banio, mkiwa na orodha mkononi.

Mtakachokikuta kwa kawaida ni cha aina nne. Wapo wenye kibali wanaochukua kile kile walichoandikiwa. Wapo wenye kibali wanaochukua zaidi, pengine bila kujua, kwa sababu banio lao halina lango wala kipimo. Wapo wasio na kibali kabisa: pampu ndogo za petroli, vifereji vya bustani. Na ipo mifereji ya jadi iliyochimbwa na mababu, ambayo wenyewe hawaoni kwa nini waombe ruhusa ya kitu walichorithi.

Hao wa mwisho msiwafanye wahalifu. Uchagani mifongo imegawana maji kwa zamu kwa vizazi, na Upareni wana ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya usiku ili yatumike mchana. Watu hao wanajua kugawana kuliko wengi wenye vyeti. Waingizeni kwenye daftari kwa heshima, wasaidieni kupata kibali, na zamu zao ziandikwe kama zilivyo.

Hatua ya 5: Wekeni viwango vya mwaka mkavu, wa kawaida na wa mvua

Kiasi rasmi cha maji ya akiba ya mto, yaani yale yanayopaswa kubaki mtoni, hutangazwa na serikali, si jumuiya. Lakini jumuiya yenye kalenda na daftari la vipimo huenda mezani ikiwa na neno la kusema.

Kenya, kanuni za 2007 zilitaka maji ya akiba yasipungue kiwango ambacho mto wa asili hukizidi kwa asilimia 95 ya muda. Kwa lugha ya kawaida: chukua siku 100 za mto kabla watu hawajauvuna; katika siku 95 ulikuwa juu ya kiwango hicho. Ni kanuni nzuri kwa sababu mtu yeyote mwenye rekodi anaweza kuihesabu. Ila kwa maoni yangu haimtoshi ningu ikisimama peke yake. Inalinda siku za njaa za mto tu. Haisemi lolote juu ya furiko la masika, na ningu bila furiko hatagi. Tazama Mto Pangani: Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, lilituliza mafuriko, na kinamasi cha Kirua kilichoko chini yake kikanywea, pamoja na samaki waliokitegemea. Mto haukukauka. Ulinyimwa mawimbi yake ya mwaka.

Kwa hiyo andikeni mambo matatu. La kwanza, kiwango cha chini cha kiangazi, katika sura tatu kulingana na mwaka ulivyo. Pale kwenye kipande cha maili 15, lengo la mwisho wa kiangazi ni futi za ujazo 810 kwa sekunde katika mwaka mkavu, 1,240 mwaka wa wastani na 1,630 mwaka wa mvua. Kwa vipimo vyetu ni karibu mita za ujazo 23, 35 na 46. Kwa kufanya hivyo walikubali kwamba mwaka wa ukame samaki naye atabana mkanda.

La pili, furiko: angalau mara moja kila masika maji yaachwe yapande hadi yafike kwenye nyasi za kutagia, na yakae huko siku za kutosha mayai kuanguliwa na vifaranga kupata nguvu. Kwenye mto usio na bwawa hili haliwagharimu kitu zaidi ya kutolima na kutojenga tuta kwenye eneo lile. Kukiwa na bwawa, au bwawa likipangwa, kama Borenga ambalo limekuwa kwenye mipango upande wa Serengeti, furiko lazima liandikwe kwenye masharti ya uendeshaji kabla zege halijamwagwa. Baada ya hapo mtabembeleza tu.

La tatu, mshuko wa pole pole. Lango lisifungwe ghafla. Maji yakiondoka kwenye nyasi kwa usiku mmoja, vifaranga hubaki kwenye madimbwi na asubuhi ndege wanakula.

Hatua ya 6: Tafuteni maji bila kumnyang'anya mtu

Turudi kwenye mfano wetu. Mto una lita 1,020 kwa sekunde. Tuseme akiba ya samaki na mazingira ni 600. Yamebaki 420. Mifereji yote kwenye kipande inavuta jumla ya 540. Pungufu ni 120.

Mwenyekiti asiye na subira atasema kila mmoja apunguze zaidi kidogo ya moja ya tano. Ngoja kwanza. Pimeni kinachoingia kila mfereji mkilinganisha na kibali chake. Ukikuta mfereji wenye kibali cha lita 150 unavuta 210, umeshapata lita 60 na hakuna haki ya mtu iliyoguswa. Wekeni lango la chuma lenye kufuli na alama ya kiasi. Kisha ufuateni mfereji hadi mwisho wake. Mfereji wa udongo wenye mashimo ya panya na kingo zilizobomoka hupoteza maji mengi kabla hayajafika jaruba la kwanza. Siku moja ya msaragambo kabla ya kiangazi, watu wakafukua, wakaziba na kushindilia, hurudisha maji ambayo hakuna sheria ingeyarudisha.

Likibaki pungufu, fanyeni zamu: nusu ya mifereji leo, nusu kesho, na usiku malango yote yafungwe isipokuwa ya wenye ndiva au bwawa.

Kwa mwenye shamba kubwa, jibu la kudumu ni kuhifadhi maji ya mvua. Utaratibu wa ugawaji wa Kenya umewataka wamwagiliaji wajenge hifadhi ya kutosha siku 90, wajaze wakati wa mafuriko, wauache mto kiangazi. Ni gharama, najua, na mkulima mdogo peke yake haiwezi. Lakini wakulima kumi wakichimba lambo moja wanaiweza. Mwekezaji anayeomba kibali kipya, hili ndilo sharti la kwanza ningemwekea.

Colorado walifanya yote hayo kwa ukubwa wao. Kwenye mfereji mkuu wa Bonde la Grand walijenga vizuizi vya kudhibiti kina, ili wakulima wa mwisho wa mfereji wafikiwe bila kuvuta maji ya ziada mtoni. Bwawa la Elkhead, kwenye bonde la Mto Yampa, lilipanuliwa mwaka 2006 na sehemu ya maji yake ikatengwa kwa ajili ya samaki. Na watumia maji wa pande zote mbili za Milima ya Rocky, miji na mashamba, walijifunga kutoa futi-ekari 10,825 kila mwaka, sawa na takriban mita za ujazo milioni 13, kwa kipande kile cha maili 15.

Hatua ya 7: Mfungulieni samaki njia

Banio lenye ukuta wa mita moja na nusu ni mwisho wa safari kwa samaki anayepanda. Mnaweza kuacha maji yote mtoni na ningu asifike. Wakati wa kujenga au kukarabati banio, mwambieni mhandisi aweke upande mmoja njia yenye ngazi za mawe, maji yakishuka kidogo kidogo, na vidimbwi vya kupumzikia. Kwenye banio la muda la mawe na magunia, acheni pengo wakati wa kupanda.

Mdomoni mwa mfereji kuwe na wavu wa kuzuia samaki wasiingie mashambani. Huko Grand Junction walianza na njia ya samaki kwenye ukuta wa Redlands mwaka 1996, wakaendelea na nyingine, kisha wakaweka vichujio kwenye mifereji mikubwa. Kwetu chekecheo la nondo na wavu mgumu linatosha, ili mradi kuna mtu wa kulisafisha kila asubuhi. Lisiposafishwa litaziba, mkulima ataling'oa kwa hasira, na atakuwa na sababu.

Hatua ya 8: Andikeni makubaliano ambayo kila upande unapata kitu

Mkulima akiitwa kutoa tu, atatoa mwaka wa kwanza na kukimbia mwaka wa pili. Anachotaka ni uhakika. Colorado ukweli huu ndio uliobeba mpango. Mwaka 1999 mamlaka ya wanyamapori ilitoa uamuzi mmoja unaofunika matumizi yote yaliyokuwepo pamoja na ongezeko la hadi futi-ekari 120,000 kwa mwaka, mradi kazi za kuwasaidia samaki ziendelee. Mwenye mradi hakulazimika tena kupambana peke yake na sheria ya viumbe walio hatarini. Samaki walipata maji na njia. Watu walipata ukomo unaojulikana, na nafasi ya kukua ndani yake.

Kwenye makubaliano yenu, kwa hiyo, yawepo haya: viwango vya Hatua ya 5 kwa alama za geji, si kwa maneno kama "maji ya kutosha", kiasi cha juu kabisa ambacho vibali vipya havitavuka, nani hupunguza kwanza na kwa kiasi gani, mwenye kufuata anapata nini, mfano jumuiya kumtetea wakati wa kuhuisha kibali chake, faini, na tarehe ya kuyapitia upya, mimi napendelea kila baada ya miaka mitatu. Yasomwe mkutanoni kwa sauti, kwa lugha ya pale kijijini pia, kisha Bodi ya Bonde iyapokee kwa maandishi. Makubaliano yasiyofika Bodi humalizika siku mwenyekiti anapobadilishwa.

Na kwa mto unaovuka mpaka: Kenya na Tanzania zilitia saini hati ya makubaliano juu ya bonde la Mara mwaka 2015. Siku ya Mara huadhimishwa kila Septemba 15. Itumieni siku hiyo kwa kikao cha kazi na jumuiya za Bomet na Narok, mkiwa na daftari zenu za geji. Hotuba zitakuwepo tu.

Hatua ya 9: Kiangazi kikifika

Kila wiki, siku ile ile, watu wenye malango wazungumze. Colorado waendesha mabwawa, wakulima na watu wa samaki hupigiana simu kila wiki msimu wa kiangazi: mto uko ngapi, mvua inatarajiwa, nani anaweza kuachia kidogo. Kwenu yatosha dakika 20 chini ya mwembe au kwenye kundi la simu. Geji ikifika alama ya njano, ile ya tahadhari mliyokubaliana, msaragambo na zamu zinaanza. Ikifika nyekundu, malango ya biashara yanafungwa, ya nyumbani na mifugo yanabaki. Hakuna mjadala siku hiyo, mjadala ulishafanyika masika watu wakiwa wametulia.

Wakati mkulima anafunga lango, mvuvi naye afanye sehemu yake. Ningu alianza kuporomoka zamani za ukoloni, nyavu zilipotegwa midomoni mwa mito zikiwanasa majike yenye mayai kabla hayajapanda. Maji pekee hayatamrudisha kama mdomo wa mto bado umezibwa kwa nyavu za macho madogo na kokoro. BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi) za mwaloni ulio karibu na mdomo ziwe sehemu ya makubaliano: wiki za kupanda, hakuna wavu mdomoni. Nimeona wakulima wakikataa kabisa kuacha maji mpaka walipohakikishiwa hilo, na sikuwalaumu.

Hatua ya 10: Hesabuni samaki

Geji itawaambia kama mlitimiza ahadi. Haitawaambia kama ningu amerudi. Kila mwaka, baada ya maji ya mafuriko kushuka, tembeleeni maeneo yale yale matano ya kingo, kwa chandarua kidogo, pamoja na mtafiti wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI kwa Tanzania au KMFRI kwa Kenya. Andikeni idadi ya vifaranga wa ningu na urefu wao, kisha warudisheni majini. Wachuuzi nao waandike ni siku ngapi walimwona ningu sokoni.

Jiandaeni kusubiri. Huko Colorado, samaki mmoja kati ya wanne waliolindwa, humpback chub, alishushwa kutoka daraja la hatari kubwa mwaka 2021, miaka 33 baada ya mpango kuanza. Pikeminnow bado anahangaika, maana samaki wageni walioletwa na watu wanakula watoto wake, kama sisi tulivyo na sangara ziwani. Kwa hiyo katika daftari la vifaranga acheni safu ya mwisho kwa ajili ya wageni: sangara wadogo wangapi, wapi, mwezi gani.